Fedha yavuka mpaka, nakala yabaki ugenini

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou hufanya jambo lilelile kila mzigo unapokuwa tayari. Huenda benki, akajaza fomu ya kupeleka fedha nje, akaandika jina lake, anuani, namba ya akaunti, jina la muuzaji, benki ya muuzaji na sababu ya malipo. Karani hukagua ankara, hugonga muhuri na kumpa nakala. Mteja hurudi dukani akiamini kwamba habari ile ni siri ya watu watatu: yeye, benki yake na muuzaji wake.

Hesabu hiyo ina kasoro. Dola 18,000 zinazotoka Dar es Salaam kwenda China kwa kawaida hupitia New York, na habari zake huandikwa katika kompyuta za nchi ambazo mteja hajapata kuzikanyaga. Tangu mwaka 2001 serikali ya Marekani imekuwa ikichambua habari za namna hiyo, na kwa miaka mitano ya kwanza wenye akaunti hawakujua.

Kwamba serikali ina haki ya kuwasaka wauaji na wezi, wafanyabiashara wengi hawana ubishi. Ubishi upo kwingine: ni nani anayeshika nakala ya ujumbe wa malipo, anaruhusiwa kuitumia kwa jambo gani, na aliyeonewa akalalamike wapi.

UJUMBE HUTANGULIA

Zamani mabenki yalipelekeana maagizo kwa teleksi. Karani wa upande mmoja aliyaandika kwa maneno marefu, mwenzake wa upande wa pili akayasoma na kuyaandika upya, na makosa hayakukosekana. Mwaka 1973 benki 239 za nchi 15 ziliungana zikaanzisha ushirika wao wenye makao yake Ubelgiji, karibu na mji wa Brussels, ili ziwe na mtandao mmoja na lugha moja ya maagizo. Ushirika huo ndio Swift. Ulianza kazi mwaka 1977. Leo unaunganisha taasisi za fedha zaidi ya 11,000 katika nchi na maeneo zaidi ya 200, yakiwamo mabenki ya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala.

Wateja wengi hudhani Swift inabeba fedha. Inachobeba ni maagizo tu. Benki ya Dar es Salaam haina sanduku la dola huko Guangzhou. Ina akaunti ya dola katika benki mshirika mjini New York, na benki ya muuzaji nayo ina akaunti ya dola huko huko. Ujumbe wa Swift ukifika, tarakimu hupunguzwa upande mmoja zikaongezwa upande wa pili. Hakuna noti hata moja iliyopanda ndege.

Kilichosafiri ni habari. Ujumbe wa malipo ya mteja, ambao kwa miaka mingi makarani waliujua kwa namba 103, hubeba jina la anayelipa na anayelipwa, akaunti za wote wawili, kiasi, tarehe, na mara nyingi sababu ya malipo. Zamani palikuwa na mwanya. Malipo yalipopitia benki za katikati, ujumbe wa benki kwa benki haukulazimika kumtaja mteja. Mwanya huo ulizibwa Novemba 2009. Tangu hapo ujumbe wa kufunika malipo nao unatakiwa kuwataja mlipaji wa kwanza na mpokeaji wa mwisho.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika fedha za kimataifa, Swift ndiyo kata. Mitungi ni maelfu, lakini karibu yote huchotwa kwa kata hiyo moja, na anayeishika kata hana haja ya kubisha hodi kwenye kila nyumba.

MIAKA MITANO YA KIMYA

Tarehe 23 Juni, 2006, gazeti la The New York Times lilichapisha habari iliyowashtua wenye mabenki duniani. Liliandika kwamba Wizara ya Fedha ya Marekani, ikishirikiana na shirika la ujasusi la CIA, imekuwa ikipata ujumbe wa Swift tangu majuma machache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Magazeti ya Los Angeles Times na The Wall Street Journal nayo yaliandika habari hiyo. Serikali ilikuwa imeomba isichapishwe.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Swift ilikuwa na vituo viwili vikubwa vya kompyuta, kimoja Uholanzi na kingine katika jimbo la Virginia, Marekani. Kwa ajili ya usalama, kila ujumbe uliwekwa katika vituo vyote viwili na kuhifadhiwa kwa siku 124, ili kimoja kikiungua kingine kiendelee. Kwa hiyo malipo kutoka Dar es Salaam kwenda London, yasiyomhusu Mmarekani yeyote, yalikuwa na nakala yake katika ardhi ya Marekani.

Wizara haikuhitaji kuvunja mlango. Ilitoa amri za kiofisi za kudai kumbukumbu, chini ya sheria ya mwaka 1977 inayompa Rais madaraka ya kiuchumi wakati wa hatari. Amri hizo hazikupita kwa jaji. Hadi mwaka 2006 zilikuwa zimefika 64.

Amri hizo hazikudai akaunti ya mtu mmoja mmoja. Zilidai ujumbe kwa mafungu makubwa, na mafungu hayo yakahifadhiwa mahali palipoitwa “sanduku jeusi”. Humo ndimo wachambuzi walimotafuta majina. Wizara ilieleza kwamba kila utafutaji ulipaswa kuwa na sababu inayohusu ugaidi, na kwamba wakaguzi wa nje waliwekwa kuangalia.

Swift ilijitetea kuwa ilibanwa na sheria, na kwamba ilijadiliana hadi ikapata mipaka fulani. Kwa mujibu wa habari zilizochapishwa mwaka 2006, viongozi wake waliingiwa na wasiwasi mwaka 2003 wakataka kujitoa. Waliitwa Washington, wakakutana na wakubwa, wakiwamo Alan Greenspan, aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani, na Robert Mueller, mkurugenzi wa FBI. Wakaongezewa masharti ya ulinzi, wakaendelea.

Mabenki makuu ya nchi tajiri yanayoisimamia Swift, pamoja na Benki Kuu ya Ulaya, yalikuwa yameelezwa. Wateja hawakuelezwa. Septemba 2006 tume ya faragha ya Ubelgiji ilitamka kwamba Swift ilivunja sheria za nchi hiyo. Novemba mwaka huohuo wasimamizi wa ulinzi wa taarifa wa nchi za Umoja wa Ulaya wakafikia uamuzi kama huo.

KWA NINI WALITAKA KUJUA

Afrika Mashariki haiwezi kulizungumza jambo hili kama mtazamaji. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilikadiria kwamba shambulio hilo la Afrika Mashariki liligharimu dola 10,000 hivi. Hizo ni fedha ambazo mwenye duka la jumla huzituma kwa mzigo mmoja.

Mashambulizi ya mwaka 2001 yenyewe yaligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000, kwa mujibu wa tume hiyo. Zaidi ya dola 100,000 kati ya hizo zilitoka Falme za Kiarabu kwenda akaunti za Marekani kwa uhamisho wa kawaida. Hakuna karani aliyeshtuka. Kwa sura, malipo yale yalifanana na ada ya mwanafunzi au matumizi ya ndugu aliye ng'ambo.

Hapo ndipo Wizara ilipojenga hoja yake. Ikiwa kiasi cha fedha hakisemi lolote, basi dawa ni kufuata majina: nani alimlipa nani, na huyo naye alimlipa nani. Maofisa walisema njia hiyo ilisaidia kukamatwa nchini Thailand mwaka 2003 kwa Hambali, aliyetajwa kuhusika na milipuko ya Bali ya mwaka 2002. Mtu aliyeliona jengo la Ufundi la Nairobi likiwa kifusi hawezi kuipuuza hoja hiyo.

Lakini hoja hiyohiyo ina upande wa pili. Ikiwa dola 10,000 zinatosha kuua, basi kila uhamisho wa dola 10,000 unafanana na ule wa muuaji. Nyavu ya kunasa dagaa lazima iwe na matundu madogo, na nyavu ya namna hiyo haichagui. Anayeumia kwanza ni mwenye jina la kawaida. Mwambao wa Afrika Mashariki umejaa akina Mohamed, Ali, Salim na Abdallah, na kompyuta inayolinganisha majina na orodha ya washukiwa haimjui Salim wa Tanga wala Salim wa kwingine. Inachoona ni herufi zinazofanana. Malipo husimama, barua za maswali huja, na mzigo hukaa ghalani ukila gharama hadi mtu athibitishe kuwa yeye si yule.

BUNGE LA ULAYA LAGOMA

Mwishoni mwa mwaka 2009 Swift ilibadili mpangilio wa kompyuta zake. Kituo kipya kilifunguliwa Uswisi, na ujumbe wa ndani ya Ulaya ukaacha kunakiliwa Virginia. Sasa Marekani ilihitaji mkataba ili iendelee kuupata.

Serikali za Ulaya zilikuwa tayari kutia saini. Bunge la Ulaya halikuwa tayari. Tarehe 11 Februari, 2010, wabunge waliukataa mkataba wa muda kwa kura 378 dhidi ya 196. Washington haikuzoea kuambiwa hapana na bunge hilo. Mazungumzo yakarudiwa, na tarehe 8 Julai mwaka huohuo mkataba mwingine ukapita kwa kura 484 dhidi ya 109. Ulianza kutumika Agosti 1, 2010.

Masharti yaliyopatikana ni ya kupimika. Polisi wa pamoja wa Ulaya, Europol, hukagua kila ombi la Marekani kabla Swift haijatoa kitu. Habari zinatumika kwa ugaidi tu, na hairuhusiwi kuzipekua ovyo kwa kubahatisha. Malipo ya ndani ya mfumo wa pamoja wa yuro hayamo. Habari ambazo hazikuguswa na uchunguzi hufutwa baada ya miaka mitano. Aidha, waangalizi wa Ulaya huwekwa Washington wakiwa na uwezo wa kuzuia utafutaji usio na sababu.

Hata hivyo, sharti si lazima liwe ulinzi. Mapema mwaka 2011 wakaguzi wa Europol walieleza kwamba maombi ya kwanza yalikuwa ya jumla mno, maelezo mengine yalitolewa kwa mdomo, na yote yalikubaliwa. Mwaka 2013, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden zilipoanza kuchapishwa, zilitoka habari kwamba shirika la usikilizaji la Marekani, NSA, lilikuwa na njia yake pembeni ya mkataba. Tarehe 23 Oktoba, 2013, Bunge la Ulaya lilitaka mkataba usimamishwe, kwa kura 280 dhidi ya 254. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kulazimisha. Kamisheni ya Ulaya ilisema haikupata ushahidi kwamba mkataba umevunjwa, na kazi ikaendelea.

Pamoja na udhaifu huo, raia wa Ulaya alipata mahali pa kuulizia. Mkataba unataja ofisi za ulinzi wa taarifa za nchi za Ulaya kuwa ndiyo mlango wa mtu anayetaka kujua kama haki yake imeheshimiwa. Msafirishaji wa kahawa wa Moshi hana mlango kama huo nyumbani. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ofisi zilizoundwa na sheria hizo zinaweza kuibana benki ya hapa. Katika mkataba wa Washington na Brussels hazimo.

SHERIA INASEMAJE

Wengi hudhani Marekani yenyewe inailinda sana siri ya benki. Historia inaonyesha vingine. Sheria yake ya mwaka 1970 inaitwa ya “usiri wa benki”, lakini kazi yake kubwa ni kuyataka mabenki yaweke kumbukumbu na kuripoti fedha taslimu zinazozidi dola 10,000. Mwaka 1976, katika kesi ya Serikali dhidi ya Miller, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumbukumbu za benki ni mali ya benki. Mteja aliyeitoa habari yake kwa benki amekubali hatari ya kuiona ikifika serikalini.

Baraza la Congress lilijaribu kurekebisha mwaka 1978 kwa kutunga sheria inayotaka mteja aarifiwe katika hali fulani. Lakini katika suala la Swift, wanasheria wa serikali walisema sheria hiyo haihusiki, kwa sababu Swift si benki, ni mpeleka ujumbe. Kwa maneno mengine, sheria ililinda mtungi, ikaisahau kata.

Tanzania nayo ina sheria zinazovutana. Sheria ya mabenki ya mwaka 2006 inamtaka mtumishi wa benki atunze siri ya mteja isipokuwa pale sheria inapoagiza vingine. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Kuzuia Fedha Haramu, nayo ndiyo inayoagiza vingine. Benki ikishuku muamala inapaswa kuripoti kwa kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu, na ni kosa kumdokezea mteja. Karani anayetabasamu kaunta anaweza kuwa ameshaandika ripoti, na sheria inamkataza kusema.

YALIYOFIKA KWETU

Wazee wa biashara hawaoni ajabu serikali kutaka kujua kila dola. Kabla ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, mwagizaji wa Tanzania hakupata dola bila kibali cha Benki Kuu, na kukutwa na fedha za kigeni mfukoni lilikuwa kosa. Maduka ya kubadilishia fedha yalipofunguliwa mwaka 1992, watu wengi walisema sasa wamepumua. Tofauti ni kwamba udhibiti wa wakati ule ulikuwa na mlango, dirisha na ofisa anayejulikana. Huu wa sasa hauna dirisha.

Mfano ulio karibu ni wa benki ya FBME. Ilikuwa na leseni ya Tanzania na makao yake Dar es Salaam, ingawa sehemu kubwa mno ya biashara yake ilifanyika Cyprus. Julai 2014 kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachopambana na fedha haramu kiliitangaza kuwa tishio. Kilitaja uhamisho wa kutiliwa shaka usiopungua 4,500, wenye thamani isiyopungua dola milioni 875, uliopita katika benki za Marekani kati ya Novemba 2006 na Machi 2013. Hesabu kama hiyo haifanyiki bila mtu kusoma ujumbe wa malipo mmoja baada ya mwingine.

Benki ilikana tuhuma. Benki Kuu ya Tanzania iliichukua chini ya usimamizi wake mwezi huohuo. Milango ya dola ilifungwa kabla ya mahakama yoyote kusema neno. Agosti 2015 jaji wa Washington aliizuia amri ya Wizara, akiona kasoro katika utaratibu, hasa nafasi ya benki kuona na kujibu yanayosemwa dhidi yake. Wizara ikaitoa upya mwaka 2016, na mwaka 2017 mahakama ikaikubali. Tarehe 8 Mei, 2017, Benki Kuu ilifuta leseni na benki ikaingia katika ufilisi.

Kama tuhuma zilikuwa za kweli, walioziandika walifanya kazi yao. Lakini mteja wa kawaida aliyeweka akiba yake katika tawi la Dar es Salaam hakutuma hata uhamisho mmoja kati ya ule 4,500. Yeye alisubiri takriban miaka mitatu, kisha akaambiwa apange foleni ya mfilisi.

Nairobi nayo ina kumbukumbu yake. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za kupeleka fedha, nyingi zikihudumia Wasomali. Familia za Eastleigh na za ng'ambo ya mpaka zilizokuwa zikipokea fedha za chakula na karo zilijikuta hazina njia. Kampuni hizo ziliruhusiwa tena Juni mwaka huohuo.

NJIA ZA PEMBENI

Kila kamba inapokazwa, wengine hutafuta upenyo. Wa kwanza ni hawala, ambayo ilikuwapo mwambao huu na Uarabuni kabla ya benki yoyote. Mtu anatoa fedha Dubai, ndugu yake anapokea Mombasa, na kati yao pana simu na uaminifu tu. Lakini hawala nayo haikusalimika. Novemba 7, 2001, Marekani ilifunga ofisi za Al-Barakaat, kampuni kubwa ya Wasomali yenye makao Dubai, ikidai inafadhili ugaidi. Ripoti ya watumishi wa tume ya Septemba 11, iliyotoka mwaka 2004, ilieleza kwamba uchunguzi haukupata ushahidi wa kuyathibitisha madai hayo. Biashara ilikuwa imeshakufa.

Upenyo wa pili ni kukwepa dola. China ilianzisha mfumo wake wa malipo kwa yuani mwaka 2015, na waagizaji wanaonunua Guangzhou wanaweza kulipa kwa fedha hiyo bila kupitia New York. Hilo linapunguza macho ya Washington. Halipunguzi macho, kwa kuwa mfumo huo nao una mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Kubadili kata si kuuficha mtungi.

Upenyo wa tatu ulio nyumbani ni mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2013, unaomwezesha mteja wa Arusha kumlipa wa Nairobi kwa shilingi bila kununua dola. Ni nafuu kwa gharama na kwa muda. Lakini ujumbe wake nao husafirishwa kwa mtandao wa Swift.

Wakati huohuo msukumo wa kufuatilia umeongezeka. Kikosi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi za kuangaliwa Oktoba 2022, kikaitoa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa katika orodha hiyo, benki mshirika za nje huongeza maswali, na kila swali huongeza siku kwa mteja. Kutoka katika orodha kunahitaji ripoti nyingi zaidi kutoka kwa mabenki ya ndani. Kwa hiyo anayetaka malipo yake yasichelewe New York analazimika kukubali yachunguzwe zaidi Dar es Salaam.

MFANYABIASHARA AFANYEJE

Kwanza, jina liwe moja. Jina lililo kwenye akaunti, leseni ya biashara, pasi ya kusafiria na ankara liandikwe kwa herufi zilezile. Mohamed wa benki na Muhammad wa ankara ni watu wawili mbele ya kompyuta.

Pili, sababu ya malipo isiwe fupi mno. “Bidhaa” haitoshi. Vipuri vya pikipiki, namba na tarehe ya ankara, vikitajwa tangu mwanzo, huokoa barua mbili tatu za maswali.

Tatu, fedha zisikatwe vipandevipande ili zionekane ndogo. Ukataji wa makusudi wenyewe ni dalili inayotafutwa, na kwa fedha taslimu nchini Marekani ni kosa la jinai. Uhamisho mmoja mkubwa wenye karatasi kamili ni salama kuliko midogo mitano isiyo na maelezo.

Nne, fedha zipelekwe kwa aliyetajwa kwenye ankara. Muuzaji akisema lipa kwa akaunti ya shemeji yake aliye Hong Kong, kuna kitu. Hata kama hakipo, anayesoma ujumbe New York atadhani kipo.

Tano, mteja aiulize benki yake inatumia benki gani mshirika kwa dola na kwa yuro, na malipo yakizuiwa nani atajibu. Ni haki yake kuuliza, na benki isiyoweza kujibu imeshajibu. Ankara, hati ya shehena na karatasi za forodha zihifadhiwe miaka isiyopungua mitano, kwa kuwa ndiyo miaka ambayo ujumbe usioguswa unaweza kukaa Washington. Ni aibu mwenye mali kukosa karatasi ambayo mgeni anayo.

Yote hayo ni kinga ya mtu mmoja mmoja. Kinga ya soko zima iko kwa wengine. Wabunge wa Ulaya walipiga kura mwaka 2010 wakapata masharti, na masharti hayo, hata yakiwa na matundu, yameandikwa. Bunge la Afrika Mashariki liko Arusha, na vyama vya wafanyabiashara viko katika kila mji mkuu wa Jumuiya. Kudai kwamba mwananchi wa Jumuiya awe na ofisi ya kuulizia malipo yake yanapozuiwa au kupekuliwa nje si kuwatetea wahalifu. Mhalifu haendi ofisini kuuliza.

Hadi hapo litakapofanyika jambo, mteja anayetoka kaunta na nakala yake mkononi akumbuke kwamba aliyoishika ni moja kati ya kadhaa, na ndiyo pekee iliyo chini ya uwezo wake. Aiweke mahali atakapoiona.